Mwaka Mmoja wa Kukamilisha Shahada ya Kompyuta Uingereza: Mwongozo kwa Mwenye Stashahada

Una stashahada ya juu ya kompyuta, pengine HND ya Pearson au diploma ya ngazi ya 5 ya NCC Education uliyoisomea Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, na umesikia kwamba ukisoma mwaka mmoja tu Uingereza utatoka na shahada kamili ya heshima. Uliyoyasikia ni kweli. Ila wanaokueleza, hasa mawakala wanaolipwa kamisheni na vyuo kwa kila mwanafunzi wanayempeleka, mara nyingi hawafiki kwenye sehemu inayofuata: kwamba mwaka huo ndio mgumu kuliko yote katika shahada, na kwamba unawakuta wenzako wakiwa wameshakizoea chuo kwa miaka miwili wakati wewe bado unatafuta jengo la maktaba. Masomo yanaanza Septemba, na ikifika Januari karibu nusu ya alama zako zimeshapatikana au zimeshapotea. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya ukiwa bado nyumbani.

Katika orodha za kozi utaukuta mwaka huo ukiandikwa kwa jina kama BSc (Hons) Computing (Top-up). Hapa nitauita mwaka wa kujazia.

Hesabu ya krediti, na mtego wa namba

Shahada ya heshima ya England ina krediti 360: 120 za ngazi ya 4, 120 za ngazi ya 5 na 120 za ngazi ya 6. HND ina krediti 240, yaani ngazi mbili za mwanzo. Mwaka wa kujazia unakupa 120 zilizobaki. Krediti moja hukadiriwa kuwa saa 10 za kazi, ukijumlisha vipindi vya darasani na kusoma mwenyewe, kwa hiyo unajifunga kwa takriban saa 1,200. Wales na Ireland ya Kaskazini zinafuata hesabu hiyohiyo. Scotland ina mfumo wake, na shahada ya heshima huko huchukua miaka minne.

Sasa angalia cheti chako kwa makini. Mtanzania aliyehitimu stashahada ya kawaida chini ya NACTVET ana cheti kilichoandikwa NTA ngazi ya 6. Mkenya mwenye diploma anaambiwa yuko ngazi ya 6 ya mfumo wa KNQF. Namba hizo hazihusiani kabisa na ngazi ya 6 ya Uingereza. Tanzania, shahada ya kwanza iko ngazi ya 8. Kenya iko ngazi ya 7. England ndiyo inayoiweka ngazi ya 6. Wapo wanaoona "6" kwenye cheti chao na "6" kwenye tangazo la chuo, wakaamini wameshafika au wamebakiza kidogo, wakalipa ada ya maombi, kisha wakajibiwa kwamba wanapaswa kuanza mwaka wa kwanza au wa pili. Jibu hilo linaumiza, lakini mara nyingi ni la haki: stashahada ya kawaida iliyosomwa baada ya kidato cha nne haikuundwa ilingane na miaka miwili ya chuo kikuu.

Mwamuzi wa mwisho ni chuo chenyewe, na chuo huamua kwa kusoma ulichosoma, zaidi ya kuangalia jina la cheti. Kwa hiyo usitume transkripti peke yake. Nenda kwenye chuo chako cha zamani uombe maelezo ya kila somo: mada zilizofundishwa, saa, krediti na namna lilivyopimwa. Transkripti inayosema "Programu II, B+" haimwambii mtu wa udahili lolote. Ukurasa mmoja unaoonyesha kwamba katika somo hilo ulijifunza Java, urithi wa madaraja, miundo ya data na kuunganisha programu na hifadhidata, unamwambia yote. Kuzipata karatasi hizo kunaweza kuchukua wiki kadhaa, hasa mhadhiri aliyefundisha akiwa ameshahama, kwa hiyo lifanye hili kabla ya jambo lingine lolote.

Kuchagua chuo

Anza na orodha mbili za wazi. Ya kwanza ni ya wadhamini wa wanafunzi wenye leseni, inayotolewa na serikali ya Uingereza kwenye tovuti ya gov.uk. Chuo kisichokuwemo hakiwezi kukupa CAS, ile namba ya uthibitisho wa udahili ambayo bila yake hakuna viza. Ya pili, kwa England, ni rejesta ya Office for Students, taasisi inayosimamia vyuo vikuu. Kisha uliza nani anatoa shahada, kwa sababu kipo chuo kidogo kinachofundisha na chuo kikuu kingine kinachoandika jina lake kwenye cheti. Mpango huo ni halali, ila unapaswa kuujua kabla hujalipa.

Halafu muulize mtu wa udahili maswali matatu, kwa barua pepe ili majibu yabaki. Je, daraja la shahada linakokotolewa kwa alama za mwaka huu peke yake? Je, kozi hii hasa, ya mwaka wa kujazia, imeidhinishwa na BCS, chama cha kitaaluma cha watu wa kompyuta Uingereza? Shahada ya miaka mitatu ya chuo hichohicho inaweza kuwa imeidhinishwa na hii isiwe. Na je, masomo gani ni ya lazima, yapi ya kuchagua? Kozi nyingi za aina hii zina mradi mkubwa, usimamizi wa miradi, na masomo kama usalama wa mtandao, ujifunzaji wa mashine au utengenezaji wa programu za simu. Ikiwa stashahada yako ilikuwa ya mitandao na kozi imejaa uandishi wa programu, utateseka. Tafuta inayoendana na msingi ulionao.

Kiingereza hakina njia ya mkato. Vyuo vingi huomba IELTS 6.0 kwa jumla, pasiwe na sehemu iliyo chini ya 5.5. Fanya mtihani mapema ili ukianguka katika sehemu ya kuandika upate nafasi ya kurudia.

Fedha, na akaunti ya mjomba

Ada ya mwaka wa kujazia kwa mwanafunzi wa kigeni mara nyingi iko kati ya pauni 13,000 na 18,000. Juu yake, mtu wa viza anataka kuona fedha za kujikimu. Kwa viwango vilivyoanza Novemba 2025 ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London na 1,529 ndani ya London, kwa miezi isiyozidi tisa. Kozi ya miezi tisa, kwa hiyo, inadai pauni 10,539 nje ya London au 13,761 ndani yake, pamoja na ada yoyote ambayo hujailipa. Maombi ya viza yenyewe yalikuwa pauni 524 mwaka 2025, na mchango wa huduma ya afya pauni 776 kwa mwaka. Viwango hivi hupandishwa mara kwa mara. Visome upya kwenye gov.uk wiki unayoomba.

Kinachowaangusha watu wetu zaidi ni namna fedha zilivyokaa. Sheria inazitaka ziwe kwenye akaunti yako, au ya mzazi au mlezi wa kisheria. Mjomba, shangazi, kaka mkubwa aliyeko Muscat, baba mdogo aliyekusomesha tangu darasa la kwanza: kwa desturi yetu hawa ni wazazi, na hakuna anayewauliza karatasi. Kwa afisa wa viza si wazazi, isipokuwa mahakama iliwapa ulezi. Fedha za mjomba ni halali kabisa, mradi azihamishie kwenye akaunti yako na zikae humo siku 28 mfululizo. Zisipungue chini ya kiwango hata kwa siku moja, na siku ya mwisho ya taarifa ya benki isipitwe na zaidi ya siku 31 hadi siku unayoomba. Ukitumia akaunti ya baba au mama, ambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa lisome sawasawa na lililoko benki. Kama ni Mohamed huku na Muhammad kule, lishughulikie mapema.

Kumbuka pia kwamba shilingi zako zitabadilishwa kuwa pauni kwa kiwango cha siku ya maombi, kwa kutumia viwango vya OANDA. Aliyeweka kiasi kinachotosha kwa senti tu anaweza kuamka shilingi imeshuka na salio lake halitoshi. Weka akiba ya kutosha juu ya kiwango, walau asilimia tano hadi kumi.

Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda anayeishi nchini mwake atahitaji pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kliniki iliyoidhinishwa. Cheti hudumu miezi sita. Na mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa kawaida haruhusiwi kwenda na mke, mume au watoto kama wategemezi. Liweke wazi nyumbani kabla ya kulipa chochote, kwa sababu mwaka mmoja wa kuachana na mtoto mdogo ni mrefu.

Miezi ya mwisho nyumbani

Hapa ndipo mwaka wako unapoamuliwa. Wanafunzi wa mwaka wa kujazia wanaofeli somo la kwanza ni nadra kuwa wazembe. Wengi walisoma stashahada ambayo kila swali lilikuwa na jibu moja la kukariri, halafu wakakutana na kazi inayosema: tengeneza mfumo, eleza kwa nini uliuchagua muundo huo na kuacha mwingine, na tetea uamuzi wako kwa vyanzo.

Chagua lugha moja ya programu uifahamu kwa kina. Java, Python au C#, yoyote inayotumika kwenye kozi yako. Andika kitu kizima kwa lugha hiyo, chenye hifadhidata, majaribio ya msimbo na maelezo ya namna ya kukiendesha. Kiweke kwenye Git tangu siku ya kwanza, ukihifadhi hatua ndogondogo kila siku, kwa kuwa wahadhiri wengi siku hizi wanaangalia historia ya kazi ili wajue imeandikwa na nani na kwa mwendo gani. Rudia miundo ya data: orodha, foleni, miti, jedwali la heshi. Zoea kufanya kazi kwenye Linux bila kipanya.

Kisha jifunze kuandika kitaaluma. Vyuo vingi vya Uingereza hutumia mtindo wa Harvard au wa IEEE wa kutaja vyanzo, na kazi zako zitapitishwa kwenye mfumo wa kulinganisha maandishi kama Turnitin. Aya uliyoitoa mahali bila kutaja ni kosa la kinidhamu hata kama hukukusudia. Kuhusu zana za akili unde, kila chuo kina kanuni zake, na ndani ya chuo kila somo linaweza kuwa na zake. Soma kanuni kabla ya kila kazi. Mwanafunzi wa kigeni anayefutiwa somo kwa kuzivunja anapoteza zaidi ya alama, kwa sababu viza yake imefungwa kwenye masomo hayo.

Mradi

Mradi wa mwisho huwa na krediti 30 au 40, yaani robo hadi theluthi ya mwaka mzima. Wa krediti 40 ni saa 400 za kazi kwa makadirio. Ungekuwa na muda wa kufikiria jambo moja tu kabla ya kusafiri, ningekuambia ufikirie mradi.

Wanafunzi wengi kutoka kwetu hupendekeza "mfumo wa usimamizi wa hospitali" au "mfumo wa usimamizi wa shule". Naelewa kwa nini. Ndiyo miradi ya stashahada. Kwenye ngazi ya 6 huanguka kwa sababu haina swali ndani yake. Ni fomu nyingi zinazoingiza taarifa kwenye hifadhidata, na ukimaliza huwezi kusema umegundua nini.

Tuchukue mfano wa VICOBA, vikundi vya kijamii vya kuweka akiba na kukopeshana. Mpango wa kawaida ungekuwa "mfumo wa kurekodi michango ya kikoba". Sasa tuukaze. Wanachama wanakutana mahali ambapo intaneti inakatika. Mweka hazina anaandika michango kwenye simu yake, katibu anaandika kwenye yake, zote bila mtandao. Jioni simu mbili zinapata mtandao na kupeleka taarifa. Mama mmoja ameandikiwa shilingi 5,000 kwenye simu moja na 10,000 kwenye nyingine. Programu ifanye nini? Ikichukua ya mwisho kufika, mchango unaweza kupotea bila mtu kujua. Ikihifadhi kila tukio kivyake na kuonyesha mgongano kwa binadamu, hakuna kinachopotea, lakini watu wanapata kazi ya kusuluhisha. Hapo tayari una swali la kisayansi: kati ya mbinu mbili za kuoanisha taarifa, ipi inapoteza kumbukumbu chache zaidi mtandao unapokatika, na kwa gharama gani kwa mtumiaji? Unaandika programu ndogo kwa mbinu zote mbili, unatengeneza jaribio linalokata mtandao makusudi mara mia kadhaa, unahesabu, unaweka jedwali, unajadili. Mfumo wenyewe una skrini tatu tu. Msimamizi wako atafurahi, na mtahini atakuwa na kitu cha kukuuliza ambacho unaweza kukijibu kwa namba zako mwenyewe.

Nimeuchagua mfano huu pia kwa sababu unatoka kwenye maisha unayoyajua kuliko mhadhiri wako. Hiyo ni nguvu, itumie. Ila ukitaka kuwahoji wanakikundi, au hata kuwapa wajaribu programu, lazima upate kibali cha maadili ya utafiti kutoka chuoni kabla hujazungumza na mtu wa kwanza. Kibali kinaweza kuchukua wiki. Mahojiano yaliyofanyika kabla ya kibali hayatumiki, hata yakiwa mazuri kiasi gani. Jaza fomu ya kibali Oktoba, usingoje Februari.

Muone msimamizi kila wiki au kila wiki mbili, na nenda na kitu mkononi: ukurasa mmoja, mchoro, au sehemu ya programu inayogoma. Wengi wetu tumelelewa kumheshimu mwalimu kwa kunyamaza mbele yake. Huko ukinyamaza atadhani umeelewa, au hujafanya kazi. Kumuuliza "kwa nini hii si sahihi?" si utovu wa adabu. Ndiyo kazi anayolipwa kuifanya.

Kazi za kipato

Viza ya mwanafunzi wa shahada kwa kawaida inaruhusu saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa muhula. Hesabu ni ya kila wiki, Jumatatu hadi Jumapili. Huwezi kufanya 30 wiki hii na 10 ijayo. Ukifuata hesabu ya saa 1,200 utaona kwamba hata 20 ni nyingi. Ningependekeza usizidi 12 muhula wa pili mradi unapoiva.

Lakini kwa mtu wa kompyuta lipo katazo kubwa zaidi: viza hii hairuhusu kujiajiri. Kumtengenezea mtu tovuti kwa malipo, kuchukua kazi ndogondogo kwenye majukwaa ya mtandaoni, kuuza programu yako ya simu kama biashara, yote hayo ni kujiajiri, hata ukiyafanya chumbani kwako usiku. Vijana wengi wenye ujuzi wamezoea kuishi kwa kazi hizo nyumbani, na wanaziendeleza bila kufikiri. Zisitishe kabla ya kusafiri, na wateja wako wape mtu mwingine.

Mahudhurio pia yanafuatiliwa. Chuo kina wajibu wa kuripoti serikalini mwanafunzi aliyepotea masomoni. Ukiugua au ukifiwa, andika barua pepe siku hiyohiyo na uombe nafuu ya muda kwa utaratibu rasmi, ukiwa na ushahidi.

Daraja na baada yake

Asilimia 40 ni kufaulu. Kuanzia 50 ni daraja la pili la chini, 60 daraja la pili la juu, 70 daraja la kwanza. Kwa mwanafunzi wa miaka mitatu, alama za mwaka wa pili mara nyingi huchangia na kumbeba. Kwako wewe, katika vyuo vingi, hakuna cha kukubeba: daraja lote linatokana na mwaka huu. Somo ulilorudia baada ya kufeli kwa kawaida halizidi 40 hata ukiandika vizuri vipi, kwa hiyo kazi moja ya Desemba iliyowasilishwa ovyo inaweza kukushusha daraja zima Juni.

Ukimaliza, unaweza kuomba viza ya wahitimu ya kubaki na kufanya kazi, mradi umesomea kozi yako yote ukiwa Uingereza na chuo kimeripoti kwamba umefaulu. Iombe kabla viza ya masomo haijaisha, ukiwa bado nchini humo. Muda wake umekuwa miaka miwili. Kwa maombi ya kuanzia tarehe 1 Januari 2027 utakuwa miezi 18. Anayesoma mwaka wa kujazia kwa mtandao akiwa Mwanza au Mombasa hapati haki hiyo, ingawa anaokoa fedha nyingi. Kwa mtu ambaye lengo lake ni shahada na kazi nyumbani, mimi naona njia ya mtandao inafaa kufikiriwa kwa uzito, baada ya kupata jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka ya nchi yake kwamba shahada iliyosomwa hivyo itatambuliwa.

Mamlaka hizo ni TCU kwa Tanzania, CUE kwa Kenya na NCHE kwa Uganda. Mtanzania aulizie TCU kuhusu cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kuondoka. Utakaporudi, usishangae wakitaka kuona njia nzima uliyopitia, kuanzia cheti cha sekondari hadi stashahada, kwa sababu cheti cha mwaka mmoja peke yake huzua maswali. Hifadhi vyeti vya awali na nakala zake zilizothibitishwa. Kabla hujaondoka Uingereza, omba transkripti iliyofungwa kwenye bahasha ya chuo, barua inayosema ulisoma kwa kuhudhuria na kwa lugha gani, na maelezo ya kila somo. Yapakue yote kwenye kompyuta yako pamoja na ripoti ya mradi, maana akaunti yako ya chuo hufungwa muda mfupi baada ya kuhitimu.